Sura ya Mdogo Wake

"Ana komwe," alisema Sindano, akikata uzi kwa meno. "Komwe la kutundikia koti."

Mama Duka alicheka mpaka chaki ikamponyoka. Alikuwa mwenye duka la ushonaji, mjane mnene asiyeishiwa vicheko, na tangu amwajiri Sindano miezi michache nyuma, siku zilikuwa zinakwenda mbio. Jina hilo alimpa yeye, na si kwa sababu ya kazi. Alimpa kwa ajili ya ulimi. Siku hizi ulimi huo ulikuwa na mtu mmoja tu wa kumchoma: mdogo wake, aliyemfuata kuzaliwa, ambaye alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Na macho je?"

"Yamemtoka kama ya chura aliyekanyagwa. Moja linalinda mlango, jingine dirisha."

"Pua?"

Sindano aliinua kichwa, akakitazama kile kioo kirefu cha wateja. Neno likaja.

"Imelala. Ilianza safari vizuri, ikachoka njiani."

Mama Duka alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Wewe mwanangu una ghala la ubaya. Mwezi mzima huu hujarudia neno."

Gauni la harusi lilikuwa limetandazwa magotini pa Sindano, jeupe, zito kwa shanga. Alikuwa akilishona mwenyewe, kwa sababu mama yake alimwomba na hakupata pa kukwepea. Bibi harusi hakumpima hata mara moja. Vipimo vyake, Sindano alisema, anavijua.

Bwana harusi Mama Duka alimfahamu. Alikuwa mpima ardhi, kijana mrefu, mpole, aliyekuwa akileta suruali zake pale zipunguzwe. Suruali ya kwanza ilikuwa ndefu kweli. Ya pili, kidogo. Zilizofuata hata kipofu angejua kwamba hazikuwa na kasoro. Alikuwa akisimama kwenye meza ya kupokelea nguo, anazungusha kofia mikononi, anamuuliza Sindano kama kazi ni nyingi, kisha anaondoka na lake moyoni. Sindano hakumharakisha. Alianza tu kupaka wanja kila asubuhi.

Kisha mdogo wake akarudi kutoka masomoni, mji wa mbali, na wiki hiyohiyo yule mpima ardhi akamkuta kwenye foleni ya benki. Alimsalimu kama mtu anayemfahamu siku nyingi. Mdogo mtu, ambaye haya hakuumbiwa, alimjibu kwa kicheko, wakatoka pale wakizungumza. Kijana alipokuja kushtuka, alikuwa amekwisha kupenda. Suruali hazikuletwa tena.

Nyumbani Sindano alitabasamu, akapongeza, akabeba viti vya wageni. Maneno aliyameza huko, akaja kuyatema dukani.

"Kinachonishinda mimi ni huyo kijana," alisema Mama Duka, akiokota chaki yake. "Alikuwa anakuja hapa kwa ajili yako, hata vyerehani hivi vinajua. Anakuacha wewe, na sura yako hiyo ya kumtuliza mtu, anakwenda kuokota kinyago?"

Hilo ndilo Sindano alilokuwa akilingoja. Kila alipolisikia moyo ulimpoa kidogo, kisha ukaanza kuungua upya.

"Kipenda roho hula nyama mbichi, Mama."

Ijumaa, alipomaliza kushona shanga ya mwisho, alilivaa gauni akasimama mbele ya kioo. Lilimkaa kiunoni, likamkaa mabegani, likashuka hadi chini bila kuomba pini hata moja. Mama Duka alimzunguka polepole, kicheko kikamwisha.

"Hili lilikuwa lako," alisema kwa sauti ndogo.

"Yeye litamkaa kama gunia lililofungwa kamba katikati."

Lakini hakucheka. Aliutazama uso ulio kwenye kioo muda mrefu, akauchukia. Kisha akalivua gauni, akalilaza kwenye mkono kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

"Mwambie aje alichukue mwenyewe," Mama Duka alisema. "Nami nilione zimwi hilo kabla sijafa."

"Haji. Nimemkataza. Nitampelekea nyumbani."

"Unamwonea aibu?"

"Nakuonea huruma wewe, Mama. Utakosa usingizi."

Mama Duka akacheka tena, na Sindano akaingia chumba cha nyuma kupiga pasi. Alianza na pindo. Mvuke ulimpanda usoni, akawaza ya kesho: kijana yule amesimama na suti yake, amegeuza shingo kutazama mlangoni, na anayeingia si yeye. Macho yakamwuma. Akasema ni mvuke.

Mlango wa mbele ulilia bawaba zake. Akasikia viatu, kisha sauti ya Mama Duka, changamfu kama kawaida.

"He, wewe umetokea mlango gani? Si sasa hivi umeingia ndani na pasi? Na hiyo blauzi umebadilisha saa ngapi?"

Viatu vikasogea hatua moja, vikasimama.

"Basi njoo ukae unimalizie. Meno ya huyo mdogo wako hujaniambia."

Sindano alibaki na pasi hewani. Akaisikia sauti yake mwenyewe ikijibu kule mbele, taratibu:

"Nikumbushe, Mama. Tulikuwa tumefika wapi?"