Amefariki Saa Ngapi?

"Amefariki sasa hivi, daktari. Hata nusu saa haijaisha," alisema mke wa marehemu, mkono juu ya tumbo lake la miezi minane.

Daktari aliinua mkono wa marehemu. Haukukunjika. Akajaribu taya, kisha goti. Vyote vilikuwa vimekakamaa. Alikuwa akimtibu ini kwa miezi mitatu, na wiki iliyopita aliiambia familia ijiandae. Leo alikuja kusaini fomu na kutoa pole tu, lakini kalamu ilibaki mfukoni.

"Aliongea leo?"

"Aliongea. Asubuhi nilimnywesha uji kwa mkono wangu, akaumaliza."

"Na mimi nilimsikia akikohoa," alidakia mama wa marehemu kutoka mlangoni. "Kikohozi chake nakijua, nimemzaa mimi."

Daktari aliwatazama kwa zamu. Maiti haikakamai hivi kwa nusu saa. Mtu huyu alikufa jana, na wanawake wawili wanadanganya bila hata kupepesa macho. Tena mtu na mkwewe, ambao kwa kawaida hawapatani hata kuhusu chumvi ya mboga. Wasiwasi ulimpanda.

Aliyempigia simu ni jirani yao, fundi cherehani. Fundi huyo alimvuta daktari hadi ukumbini.

"Jana jioni nilikuja kumjulia hali. Mke akaniambia amelala. Natoka, mama mtu ananiambia anaoga. Sasa mtu anaogaje huku amelala? Leo nimeingia bila hodi, ndipo wote wawili wakaanza kulia. Kikulacho ki nguoni mwako, daktari."

Daktari alirudi chumbani amekunja uso.

"Sisaini. Naita polisi. Watamchukua wakampasue, na nyinyi mtajieleza hukohuko."

Mke aliegemea ukuta. Mama mkwe akamwambia, "Nenda jikoni mwanangu, kanywe maji." Alipotoka tu, bibi huyo alimshika daktari mkono kwa nguvu.

"Alikufa jana mchana, nikimfuta jasho. Macho nimemfumba mimi. Binti huyu ameshaharibu mimba mbili, baba. Ningeanzaje kumwambia? Nilikuwa namngoja mwanangu mkubwa afike jioni, tumwambie taratibu, jirani akatuwahi; sasa binti anadhani amekufa leo. Kila akileta uji nilimpokea mlangoni, nikaunywa mimi. Hajaingia humu tangu jana, nimehakikisha. Nisaidie, andika amekufa leo."

Daktari alimwamini, na moyo ukamuuma. Lakini hapohapo akakumbuka jambo jingine. Kama uji ulinywewa na mama, na mke hakuingia chumbani, kwa nini mke aape kwamba alimnywesha mumewe kwa mkono wake? Mama wa watu alikuwa akimlinda mtu ambaye pengine hakustahili kulindwa.

Alikwenda jikoni na simu mkononi, namba ya polisi tayari.

"Mama mkwe wako amenieleza yote," alisema kwa ukali. "Imebaki zamu yako."

Mke alifunga mlango wa jikoni polepole, akateremsha sauti.

"Amekueleza asichokijua, daktari. Jana mama aliposinzia kwenye kiti niliingia, nikamkuta mume wangu ameshakuwa wa baridi. Ita hata polisi, lakini wasimwambie mama kwamba alikufa jana; ana moyo mbovu, na nimehangaika usiku kucha asijue."