Saa Moja ya Selimundu

Kwa sheria, hakuna aliyeruhusiwa kugombea urais kabla ya kuvaa ugonjwa wa raia mmoja kwa saa nzima, na raia huyo ndiye aliyempitisha au kumkataa. Safari hii kura ilimwangukia Tunu, fundi cherehani wa Morogoro aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Mheshimiwa Bakilana alikuja na ahadi yake ileile: afya ya kila mtu ndiyo nguvu ya taifa. Tunu aliipenda tangu alipoisikia redioni. Mama yake alitandika kitanda, Tunu akamvalisha mgombea bangili ya kuhamishia maumivu. Mheshimiwa aling'ata mto, akalia, akamwita marehemu mama yake, lakini bangili hakuivua. Tunu, mwepesi kana kwamba hajawahi kuumwa, alimshika mkono.

"Pole, baba. Pumua taratibu."

Saa ilipokwisha, Mheshimiwa alijifuta machozi. "Dada yangu, sasa nimeelewa. Nikichaguliwa, hakuna mtoto atakayezaliwa na kitu hiki."

Nje, watu waliokuwa wakitazama kwenye skrini walishangilia. Mama naye akapiga vigelegele.

"Watoto hao watatibiwa, Mheshimiwa," Tunu aliuliza, "au hawatazaliwa kabisa?"

Mheshimiwa akatabasamu. "Taifa lenye nguvu linaanzia tumboni, dada."

Maumivu yalikuwa yameanza kumrudia Tunu magotini. Alibonyeza kitufe cha kukataa bila kusita. Kisha akageuka kumtazama mama yake, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akiipigia makofi ahadi ile.