Ngiri Aliyeyanyima Mahindi Samadi

Zama wanyama walipokuwa wakilima, Ngiri alikuwa na lundo kubwa la samadi asilotaka kulitia shambani. Aliogopa kiduha, gugu la maua ya zambarau linalofyonza mizizi ya mahindi.

"Nikiulisha udongo, nitamnenepesha mwizi," alimwambia jirani yake Kanga, aliyekuwa akitandaza samadi kwake. "Wewe endelea kumwandalia karamu."

Kanga aliendelea na kazi.

Mahindi yalipofika magotini, shamba la Ngiri liligeuka zambarau na mahindi yakanyauka. Kwa Kanga kiduha kilichipua kimoja kimoja tu. Ngiri akamwita Fuko, aishiye chini kwenye mizizi, amweleze ni nani aliyemroga.

"Hukurogwa, bwana," Fuko alisema. "Mzizi wenye njaa hutoa majimaji yanayoiamsha mbegu ya kiduha iliyolala ardhini. Mzizi ulioshiba hutoa kidogo sana, mbegu ikaendelea kulala. Mahindi yako yenyewe ndiyo yaliyomwita mwizi, kwa njaa uliyoyapa."

Mwaka ule watoto wa Ngiri walikula kwa Kanga. Msimu uliofuata baba yao alitandaza samadi yote, huku akiwaambia wapita njia kwamba Kanga anamwiga.