Uso wa Prewitt Bascom

Farasi alikuwa na picha tatu. Mpandaji wake hakuwa na hata moja.

"Basi tutamchora farasi," alisema Bi. Hollis, mwenyekiti wa kamati, akaanza kukusanya makaratasi yake. "Watu wa Lexington wanapenda farasi."

"Wanapenda, tena kuliko watu," akajibu Bi. Verlene Bascom. "Hilo nani asiyelijua?"

Ukumbi wa kanisa ulicheka.

Ukuta wa kuchorwa ulikuwa wa ghala kuukuu upande wa mashariki wa mji, mpana, unaoonekana kutoka barabara kuu. Kamati ilitaka kumrudisha Prewitt Bascom, aliyezaliwa mtumwa, akashinda mbio kubwa zote za farasi za Kentucky, kisha wapandaji Weusi wakafukuzwa mashindanoni na jina lake likazikwa naye. Bi. Verlene alikuwa kitukuu chake, na hakukuwa na Bascom mwingine aliyebaki. Lakini mchoraji, Keon Maddox, kijana wa Louisville, alikuwa ameapa kwamba hatabuni sura.

"Wametubuni vya kutosha," alisema. "Nipeni uso wake wa kweli, la sivyo naweka brashi chini."

"Nipe mpaka Jumapili, mwanangu," alisema Bi. Verlene. "Huyo farasi hawezi kutushinda mara mbili."

Jumapili baada ya ibada alikuja na picha, ameifunga kwenye leso. Ilikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Keon alinyoosha mkono.

"Ipige picha kwa simu yako hapo hapo. Haitoki mkononi mwangu."

Pichani kijana wa miaka kama ishirini, shati la mistari la mashindano, mjeledi kwapani. Kifungo cha shingoni hakikuwepo. Alikuwa anacheka, meno yote nje.

"Ajabu," alisema Keon. "Watu wa zamani walikuwa wananuna kwenye picha, utadhani wako msibani."

"Huyu alikuwa anacheka hata kwenye mahubiri. Kila ukoo una mmoja."

Keon aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Machozi yakamlengalenga. Alikuwa amemtafuta mtu huyu mwaka mzima, na sasa huyu hapa. Hakuuliza tena.

Kazi ikaanza. Bi. Verlene alileta kiti chake cha kukunja, akakaa kando ya njia kila siku na pai ya viazi vitamu mapajani, akimpa Keon amri kama mama mkwe.

"Sikio hilo umelibana. Vuta nje! Zaidi!"

"Bi. Verlene, umejuaje na wewe hukumwona?"

"Kwetu tunajuana kwa masikio. Vuta."

"Na kifungo nikiweke?"

"Thubutu! Acha kama kilivyo. Na mkimaliza muweke taa. Hakupenda giza."

Wapita njia hawakumsalimia. Majirani wote wa zamani walikuwa wameshauza nyumba na kuhama. Waliokuja walikuwa na mbwa wadogo waliovishwa masweta. Mmoja alisimama, akatazama juu, akauliza kama lile lilikuwa tangazo la wiski.

"Ndiyo," alisema Bi. Verlene. "Wiski chungu."

Mwandishi wa gazeti alipokuja kutaka kumpiga picha, Bi. Verlene aligeuza kiti akampa mgongo. Miaka saba kabla ya hapo mwanawe wa pekee, Jerrod, alifia mahabusu, hata kesi haijasomwa. Gazeti hilo hilo lilitoa picha moja tu, ile iliyopigwa na polisi, mdomo umepasuka na jicho limevimba. Aliwapelekea nyingine, wakasema hiyo waliyonayo inatosha. Mpaka leo mtu akiandika jina la Jerrod kwenye simu, ndiyo hiyo hiyo inayokuja. Mama alikuwa amechoka kulilia jambo hilo mbele za watu.

"Angalau Bascom mmoja aonekane vizuri," alimwambia Keon. "Mmoja tu. Sitaomba kingine duniani."

Siku ya uzinduzi njia ilijaa. Odessa, jirani yake wa miaka thelathini, alikuja kwa basi kutoka Cincinnati alikohamia kwa bintiye. Walikumbatiana, wakataniana kuhusu unene, wakasimama mbele kabisa.

Bi. Hollis alihutubia kana kwamba wazo la kumchora mtu lilikuwa lake tangu mwanzo. Pazia likaanguka.

Jua lilipiga lile shati la mistari, na ule uso ukacheka juu ya mji mzima. Watu walisema ooh. Mchungaji aliwaomba watu wasali kimya kwa ajili ya shujaa wetu Prewitt Bascom. Askari polisi wawili waliolinda barabara walivua kofia zao, wakaziweka kifuani, wakainamisha vichwa.

Odessa hakuinamisha chake. Alimshika mwenzake mkono, akaubana.

"Verlene," alinong'ona. "Yale maonyesho ya kilimo. Kile kibanda cha kuvaa nguo za kizamani na kupigwa picha. Si mimi niliyekuwa nimeshika mifuko yenu, tukakitafuta kifungo chini ya meza, na yeye anazidi kucheka?"

Bi. Verlene hakuyatoa macho ukutani.

"Na Prewitt je, shoga yangu?" akauliza Odessa.

"Prewitt hana picha. Hajawahi kuwa nayo."

Sala ikaisha. Askari wakavaa kofia, na njia nzima ikalipuka kwa makofi.

"Piga makofi, Odessa," alisema Bi. Verlene. "Mwanangu hajawahi kupigiwa."