Unywele Kwenye Kola

Unywele ule ulikuwa mfupi, wa kahawia, na ulikuwa umenasa kwenye kola ya Colby. Britta aliuona alipoinama kumbusu, akautoa kwa ncha za vidole kama anayetoa mwiba.

Colby hakuwa na nywele. Britta naye hakuwa nazo. Dawa za saratani zilikuwa zimewapukutisha wote wawili, na katika wodi ya vijana ya hospitali moja pale Duluth, Marekani, ndivyo walivyopendana, wakipapasana vipara na kuchekana. Sasa huu ulikuwa wa nani?

"Wa paka," alisema Colby.

"Paka gani? Mama yako akikaribiana na paka anavimba macho."

"Basi wa mbwa wa jirani. Umekuwa polisi siku hizi?"

Roho ya Britta haikutulia. Alimtazama Shayna, msichana wa kujitolea aliyekuwa akipitisha juisi na biskuti. Nywele zake zilikuwa fupi, za kahawia. Kumbe.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Colby hakuvua tena kofia yake ya sufu, hata theluji ilipoyeyuka, na mkono wa Britta ukisogelea kichwa chake aliukwepa. Bado alikuja kila Jumatano kukaa naye dripu ikidondoka, ila yeye mwenyewe hakuwekewa kitu. "Mimi nimeshamaliza asubuhi," alisema. Chipsi zilizokuwa zikimtapisha sasa alizifakamia. Mtu hunawiri hivyo akipata penzi jipya, Britta aliwaza kwa uchungu.

Kisha ikaja jezi ya Colby ya hoki, ile ambayo hata kaka yake hakuruhusiwa kuigusa. Colby alimwekea mapajani.

"Yako hiyo."

"Ya nini?"

"Basi tu. Utapendeza."

"Na dansi ya shule mwezi ujao, tunakwenda?"

"Tutaona, mpenzi."

Tutaona. Britta aliijua hiyo tutaona. Ndivyo wavulana wanavyoaga: wanakupa zawadi kwanza ili usiwatukane baadaye. Alimpenda sana, na akaapa kwamba kama ni kuachwa, hataachwa kijinga.

Jumatano iliyofuata alimkuta Shayna amemshika Colby bega, anamnong'oneza sikioni, macho yamemwiva. Britta alishindwa kuvumilia. Aliburuta stendi ya dripu yake hadi pale walipokuwa na kuikwapua ile kofia.

Kichwa cha Colby kilikuwa kimenyolewa ovyo, kwa wembe na kwa haraka. Nyuma ya sikio, mahali ambapo mkono haukufika vizuri, nywele za kahawia zilikuwa zimeota, laini na nyingi.

"Ni zako," alisema Britta.

Colby alitazama sakafu. "Sikutaka ujue."

Hakuna asiyejua katika wodi ile kwamba nywele huota dawa zikikoma. Mwenzake amemaliza dawa, na bado ananyoa kipara ili yeye asijione ameachwa peke yake! Na yeye alikuwa akimshuku. Aibu na furaha vilimpanda kwa pamoja, machozi yakamtoka.

"Mjinga wewe. Na hata kengele hujapiga."

Kengele ya shaba ilikuwa pale ukutani. Anayemaliza dawa huivuta kamba, na wodi nzima humshangilia.

"Britta, ngoja kwanza."

Hakungoja. Aliivuta kamba kwa nguvu zake zote. Wagonjwa waliokuwa kwenye viti wakapiga makofi, mmoja akapiga mluzi. Nesi Darlene, ambaye siku zote ndiye wa kwanza kushangilia, aligeukia ukuta.

Colby aliushika mkono wa Britta, uliokuwa bado kwenye kamba.

"Wameacha kunipa dawa," alisema. "Hawakusema nimepona."