Mtungi wa Sita wa Nyegere

Nyegere, mpika pombe hodari, alizeeka mpaka ulimi wake ukafa ganzi. Akatangaza kwamba atakayeonja mitungi yake sita na kuieleza sawasawa ndiye atakayerithi ufundi wake.

Walikuja wawili: Ngiri mwenye majivuno, na Pimbi ambaye hakuna aliyemjua.

Ngiri alikunywa kibuyu kizima kutoka kila mtungi. Pimbi alionja kidogo, akatema, akasukutua mdomo.

"Dada, pombe kali imekushinda," Ngiri alimcheka.

"Nimekuja kuonja, kaka, sikuja kulewa." Pimbi akamgeukia Nyegere. "Hii ina asali na ukwaju. Hii ya pilipili haijachachuka vya kutosha."

Ukali ulimtoa machozi, ila hakuruka mtungi hata mmoja.

Kwenye mtungi wa sita Ngiri alikunywa, akayumba, akasema, "Mzee, hii ndiyo kali kuliko zote. Imenichoma mpaka kwatoni."

Pimbi alionja mara mbili, maana aliogopa kukosea. Mwishowe akasema, "Mzee wangu, unisamehe. Haya ni maji."

"Ni maji," alisema Nyegere, akamkabidhi mwiko wake. "Nimeyateka mwenyewe asubuhi. Njoo, nikuonyeshe tunavyoanza."