Chumba Tulivu cha Mnana

Jumanne, saa moja asubuhi, makinda wa Mnana waliangua kilio, na Mwewe akaanza kuzunguka juu ya mti. Mnana, ndege asiyevumilia hata unyasi uliopinda, aliondoa manyoya mekundu yasiwachangamshe, akatandika sufi nyeupe, akapunguza mwanga mlangoni. Wakasinzia. Akaingia kunyoosha sufi, wakalia upya. Akaingia tena, na tena.

“Shoga, watanyamaza lini?” alifoka Chiriku, jirani yake. “Mwewe atadhani tumemwalika karamu!”

“Bado kona moja haijakaa sawa.”

“Kona imelala zamani! Anayewaamsha watoto ni wewe.”

Mnana alinuna mpaka jioni. Asubuhi iliyofuata aliona sufi imejikunja tena. Akaiacha ilivyo, akawaatamia makinda wake na kufumba macho. Mwewe akaenda kusikiliza kwingine.